Kompyuta ibaki nyumbani, mwenyewe asafiri

Kati ya Butembo na Beni kuna kilomita 54. Penye amani huo ni mwendo wa saa moja, wala haustahili makala ya gazeti. Kwetu kilomita hizo zina hesabu nyingine: mvua imenyesha au la, kizuizi kipya kimewekwa wapi, usiku wa jana kulisikika nini. Hata hivyo, kila asubuhi barabara hiyo hupitisha, pamoja na watu na magunia yao, mzigo ambao hakuna anayeuhesabu: mashine zilizotiwa kwenye mikoba ya mgongoni na fulashi zilizofichwa mifukoni. Mhasibu wa depo anapeleka hesabu za wiki kwa tajiri wake, mwanafunzi anapeleka TFC, yaani kazi yake ya kumaliza masomo, kwa mwalimu anayemsimamia, karani wa shirika anahamisha orodha za familia zinazosubiri msaada. Kila mmoja amebeba kitu ambacho kikianguka matopeni au kikichukuliwa na mwenye bunduki, hakuna duka la kukinunua tena. Naona wakati umefika wa kuiacha desturi hiyo. Kompyuta yenye kazi muhimu ibaki nyumbani, mwenyewe aifikie kwa mtandao akiwa mji wa pili, na nakala ya kazi hiyo ikae katika mji huo wa pili. Vyombo vya kufanyia hivyo vipo, na vingi havilipiwi. Wengi hudhani kikwazo kikubwa ni kasi ya intaneti. Kikwazo kikubwa ni swali la nani anashika funguo.

Kuifikia kompyuta kwa mbali ni kukaa mbele ya mashine moja, tuseme Beni, ukaiendesha nyingine iliyoko Butembo kana kwamba kibodi yake iko chini ya vidole vyako. Jambo hili si la jana. Mwaka 1995 mtafiti wa Finland, Tatu Ylönen, aliandika programu ya SSH baada ya wezi kunasa maneno ya siri katika mtandao wa chuo chake cha Helsinki, na tangu hapo mafundi duniani kote huitumia kuingia katika kompyuta za mbali kwa njia ambayo anayesikiliza katikati haambulii kitu. Miaka michache baadaye maabara moja ya Cambridge, Uingereza, ilitoa VNC, ambayo humletea mtumiaji sura nzima ya skrini. Leo kuna Remote Desktop ya Windows, AnyDesk, TeamViewer, RustDesk na nyingine nyingi. Zote hufuata kanuni moja: picha ya skrini inakuja kwako, mibonyezo ya vidole vyako inakwenda kule, na faili lenyewe halitoki mahali pake. Ndiyo maana njia hii haili mega kama watu wanavyohofu. Ukishusha ubora wa picha na kuondoa mapambo ya skrini, kazi ya kuandika barua au kujaza jedwali huweza kwenda kwa wastani wa kilobiti 150 kwa sekunde, na kwa kipimo hicho saa nzima ya kazi hula mega 67 hivi. Kijana anayetazama video kwenye simu yake kwa saa hiyohiyo hutumia mara kadhaa ya hapo.

Yaliyotupata Kivu ya Kaskazini miaka ya karibuni yanatosha kulifanya jambo hili kuwa letu kuliko la wengine. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na siku tano baadaye wakazi wa mitaa mingi ya Goma waliamriwa kuhama asubuhi moja. Mamia ya maelfu wakaondoka na kile walichoweza kubeba. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa waasi wa M23, benki zikafunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na uongozi wa jimbo ukahamia Beni. Beni yenyewe pamoja na vijiji vyake imekuwa ikishambuliwa tangu Oktoba 2014. Kabla jeraha hilo halijapona ikaja Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 baada ya kugunduliwa Mangina, ikatesa Beni, Butembo na Katwa, na ikaua watu zaidi ya 2,200 hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Haya ni mambo manne tofauti, yenye sababu tofauti, lakini yote yalimtenga mtu na meza yake ya kazi kwa ghafla, na hakuna lililompa muda wa kupanga makaratasi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Siku hizi daftari liko ndani ya kompyuta: deni la mteja, picha ya hati ya kiwanja, matokeo ya wanafunzi, orodha ya wanachama wa kooperative. Na kompyuta hiyo iko ndani ya nyumba ambayo mwenyewe anaweza kulazimika kuiacha kabla chai haijachemka.

Hata siku za utulivu, uchumi wetu umejengwa juu ya watu wasiokaa mahali pamoja. Wafanyabiashara wa Butembo wana miongo kadhaa ya safari za Kampala, Dubai na Guangzhou. Kontena zao hushuka Mombasa, huvuka Kenya na Uganda, na huingia nchini kupitia Kasindi, kilomita zipatazo 80 kutoka Beni. Tajiri aliyeko Guangzhou yuko saa sita mbele ya Butembo. Anapoketi na muuzaji saa nne asubuhi ya kule, nyumbani ni saa kumi za alfajiri na karani wake amelala. Anataka kujua jambo moja dogo: majora mangapi ya kitambaa yamebaki deponi, ili ajue aagize kiasi gani. Leo atabahatisha, au atasubiri picha ya ukurasa wa daftari itumwe kwa WhatsApp, yenye ukungu na iliyokatwa safu ya mwisho. Mashine yake ya Butembo ingekuwa imepangiwa kuwaka saa hiyo, angeifungua na kuisoma hesabu mwenyewe. Faida yake haiishii kwenye muda. Mwenye mali anayeona hesabu zilipo hahitaji kutegemea neno la mtu, na karani mwaminifu hahitaji kushukiwa. Ugomvi mwingi wa kifamilia katika biashara zetu huanzia hapo, pale ambapo ndugu mmoja ndiye anayeona daftari na wengine wanasimuliwa.

Itazame fulashi kwa karibu, maana ndiyo tunayoitumia badala yake. Inatoka deponi na kuchomekwa kwenye kompyuta ya sekretariati ili hesabu zichapwe, kompyuta ambayo tangu asubuhi imepokea fulashi ya kila aliyepita. Inarudi, inachomekwa kwenye mashine ya nyumbani, na mwenyewe anakuta mafolda yake yamegeuka njia za mkato, kila moja na mshale wake mdogo pembeni. Akibofya, kirusi kinajinakili kwenye mashine kwanza, ndipo folda inafunguka. Mafaili halisi hayajapotea, yamefichwa tu, na anayejua huyarudisha kwa amri ya mstari mmoja. Asiyejua huambiwa fulashi imekufa, hukubali ifomatiwe, na kazi ya miezi huondoka mbele ya macho yake. Hata kirusi kisipokuwepo, kuna balaa la nakala: «hesabu_mwisho» iko Butembo, «hesabu_mwisho_2» iko Beni, «hesabu_mwisho_kweli» iko kwenye fulashi, na hakuna mtu anayeweza kuapa ni ipi iliyo sahihi. Faili likikaa mahali pamoja na watu wakalifuata lilipo, ugonjwa huu unapona bila dawa nyingine.

Msomaji wa Oicha au wa Mbau, karibu na Beni, ataniuliza hapo hapo: nyumba yenyewe ikichomwa, au mashine ikiibwa, nitafikia nini kwa mbali? Ni swali la haki, nalo ndilo linalofanya nusu ya pili ya pendekezo langu kuwa ya lazima. Kuifikia kompyuta kwa mbali si kuhifadhi. Mashine ikiungua, njia ya kuifikia inaungua nayo. Lakini njia hiyohiyo ndiyo inayowezesha nakala kukaa mji mwingine bila mtu kusafiri nayo kila wiki. Familia nyingi zetu zina ndugu Butembo na ndugu Beni. Parokia, shule na maduka vilevile. Kompyuta mbili zinaweza kupangiwa kulinganishana kila usiku, moja ikiipa nyingine kile kilichobadilika tangu jana. Nakala ya kwanza, ambayo ni kubwa, ipelekwe mara moja tu kwa diski iliyofungwa kwa neno la siri, kwa mfano kwa programu ya VeraCrypt, ambayo ni ya bure. Baada ya hapo kinachosafiri ni barua tatu na kurasa mbili za hesabu, si maktaba nzima. Na nakala za siku zilizopita zitunzwe pia kwa muda, kwa sababu faili likifutwa kwa makosa Butembo, mashine ya Beni nayo italifuta kwa utiifu uleule.

Pingamizi la pili ni umeme, nalo haliwezi kujibiwa kwa maneno ya kupamba, ila kwa hesabu. Laptopu ya zamani inayotumia wati 30 pamoja na modemu ya wati 10, zikiachwa saa 24, zinahitaji wati-saa 960. Betri ya volti 12 na amperi-saa 100 imebeba wati-saa 1,200, na kama ni ya risasi haifai kutolewa zaidi ya nusu yake ikiwa unataka idumu. Kwa hiyo anayeota kompyuta inayowaka mchana na usiku juu ya betri moja anajidanganya. Lakini hakuna sababu ya kuiacha hivyo. Saa nne za jioni zinahitaji wati-saa 160 tu, na mashine nyingi zina mpangilio wa ndani wa kujiwasha kwa saa uliyoichagua. Familia ikikubaliana kwamba mashine ya Butembo huwaka kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, anayeihitaji akiwa Beni atapanga kazi yake kwa saa hizo, kama tunavyopanga mambo mengine yote kwa saa za umeme. Laptopu ina ubora mwingine juu ya kompyuta ya mezani: betri yake huivusha pale umeme unapokatika, na faili lililofunguliwa halivunjiki. Na tusisahau kwamba mito yetu tayari inaendesha kompyuta. Luviro, katika wilaya ya Lubero, mtambo wa umeme wa maji wa Hifadhi ya Virunga umekuwa tangu 2020 ukilisha makontena yaliyojaa mashine za kuchimba bitcoin. Umeme unaotosha kazi hiyo isiyolala hauwezi kusemwa kuwa mchache mno kwa daftari la duka.

Pingamizi la tatu ni mtandao wenyewe, na hapa kuna jambo la kiufundi ambalo mafundi wengi hawawaelezi wateja wao. Maelekezo mengi yaliyoandikwa Ulaya na Marekani hudhani kila nyumba ina anwani yake ya intaneti inayoonekana kutoka nje. Anwani za mfumo wa zamani hazizidi bilioni 4.3 duniani kote, kwa hiyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Aliyeunganishwa kwa modemu ya simu Butembo anaweza kutoka kwenda popote, lakini aliyeko nje hawezi kubisha hodi kwake, kwa sababu mlango anaouona ni wa kampuni, si wa nyumba. Ndiyo maana mtu hufuata maelekezo neno kwa neno, anashindwa, na kuhitimisha kwamba mambo haya si ya Kongo. Dawa yake inajulikana: mashine zote mbili zitoke nje, zikutane mahali pa katikati, kisha zizungumze kwa njia iliyofungwa. AnyDesk na TeamViewer hufanya hivyo. Tailscale na ZeroTier hufanya zaidi, kwa kuzifanya kompyuta za nyumba mbili zionane kama ziko kwenye mtandao mmoja wa ndani, na kwa mashine chache hazitozi kitu. Intaneti ya satelaiti ya Starlink, ambayo mdhibiti wetu ARPTC aliikataza mwaka 2024 na kuipa kibali Mei 2025, inawapunguzia adha wenye uwezo, lakini mpango ninaoueleza hauisubiri. Unaweza kuanza na modemu ya kawaida ya Airtel, Orange au Vodacom.

Wapo watakaokumbusha kwamba mtandao unaweza kuzimwa wote. Ni kweli, na tumeyaona: baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, ambao Beni na Butembo zilinyimwa siku hiyo, intaneti ilizimwa nchi nzima tangu tarehe 31 Desemba kwa karibu wiki tatu. Katika siku kama hizo hakuna programu itakayoivuka barabara. Lakini mwenye nakala katika miji miwili anaendelea na kazi pande zote mbili na kulinganisha mtandao ukirudi, wakati mwenye mashine moja anasubiri. Tena kuna mtandao usiozimwa na mtu, nao ni ule wa ndani ya nyumba au ua. Kompyuta mbili zilizounganishwa kwa kebo au kwa ruta ndogo zinafikiana bila mega hata moja. Nyumba yenye mashine moja iliyo imara, yenye betri, inaweza kuwahudumia watoto wawili wenye mashine dhaifu kwenye chumba cha pili. Ningemshauri kila anayetaka kujifunza aanzie hapo, ndani ya ua wake, ambako kosa halimgharimu mega wala haliwafungulii wageni mlango.

Kuna pia wanaosema kazi yote hii haina haja, kwa kuwa kuna hifadhi za mtandaoni kama Google Drive. Kwa barua, TFC na picha za hati, nakubaliana nao kabisa. Vitu hivyo ni vidogo, na kuviweka huko leo hii ni bora kuliko kungoja mpango mkamilifu. Lakini hifadhi ya mtandaoni hutunza mafaili, haiendeshi programu. Programu ya uhasibu iliyosajiliwa kwenye mashine moja, pamoja na orodha ya bidhaa iliyomo ndani yake, haifunguki kwa kunakili folda. Na uzito nao unasema. Mtu mwenye gigabaiti 40 za hati zilizopigwa skani, akiwa na njia ya kupandisha ya megabiti moja kwa sekunde isiyokatika hata mara moja, atahitaji takriban saa 89 kuzipandisha zote, na hakuna kifurushi cha mega kitakachomvumilia. Nafasi kubwa mtandaoni hulipiwa kila mwezi, tena kwa kadi ya benki ambayo wengi hawana. Kuiendesha mashine ilipo kunagusa ule ukurasa mmoja tu unaohitajika.

Pingamizi zito kuliko yote ni usalama. Njia unayoingilia wewe ndiyo mwizi anayoitafuta. Chukua mfano wa fundi anayefungua Remote Desktop ya Windows moja kwa moja kwenye intaneti, katika ofisi yenye anwani ya nje. Mlango huo una namba inayojulikana dunia nzima, 3389, na kuna mashine ambazo kazi yake ni kuzunguka intaneti zikiujaribu. Ukifungua kumbukumbu za kompyuta hiyo baada ya muda mfupi utakuta mistari kwa mistari ya waliojaribu kuingia: «Administrator» imekataliwa, «admin» imekataliwa, «user» imekataliwa, «test» imekataliwa, sekunde chache kati ya mstari na mstari, kutoka nchi ambazo mwenye duka hana mteja. Siku moja jina na neno la siri vinaoana, na asubuhi yake mafaili yote yamefungwa na ujumbe wa kudai fidia uko kwenye skrini. Mei 2019 Microsoft ilitangaza kasoro iliyopewa jina la BlueKeep, ambayo ilimruhusu mtu kuingia kwa mlango huo bila neno la siri kwenye mashine za zamani, ikiwemo Windows 7. Hatari ilikuwa kubwa hivi kwamba kampuni ilitoa kiraka hata kwa Windows XP iliyokuwa imeshaachwa. Mashine nyingi za mitumba katika masoko yetu ni za rika hilo. Programu za kukutania katikati nazo si ngome: Februari 2024 AnyDesk ilikiri kwamba mifumo yake ilikuwa imevamiwa, ikabadilisha vyeti vyake na kuwataka watumiaji wabadilishe maneno ya siri.

Mtu akiyasikia haya anaweza kusema basi tuache. Lakini hapo angelinganisha hatari ya mtandao na usalama ambao hana. Fulashi iliyopotea haina neno la siri hata kidogo. Anayeiokota anasoma kila kitu. Mashine iliyoporwa njiani inampa mporaji majina, namba za simu na madeni ya watu ambao hawakuwepo safarini. Hatari ya barabarani hatuitawali sisi. Ile ya mtandao sehemu yake kubwa tunaitawala, kwa mambo machache yanayojulikana: usifungue mlango 3389 kwenye intaneti kamwe, pita kwenye njia iliyofungwa, tumia neno la siri refu ambalo hulitumii kwingine, pamoja na uthibitisho wa pili wa simu, tumia mfumo ambao bado unapokea marekebisho, ukikumbuka kwamba Windows 10 yenyewe ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na anayepiga simu akijitambulisha kuwa wa benki au wa kampuni ya simu, akakuomba zile tarakimu tisa au kumi za AnyDesk, mkatie. Anayekujua hahitaji kukuomba.

Zaidi ya wezi wa mbali, hofu yangu iko kwa jambo la karibu ambalo tumelizoea. Fundi anaitwa kuweka programu, anaweka neno la siri analolijua yeye, anawasha uwezo wa kuingia bila mtu kukubali upande wa pili, na anaondoka akisema ni kwa ajili ya matengenezo. Huenda ni mwaminifu. Lakini kuanzia siku hiyo kuna mtu anayeweza kusoma hesabu za duka, barua za ndoa na majibu ya hospitali saa yoyote, na simu yake ikiibwa, mwizi anarithi uwezo huo. Mwashi akimaliza nyumba hukabidhi ufunguo. Hakuna anayekubali abaki na mmoja kwa sababu huenda ukuta ukapasuka. Kanuni ya kidijitali ya nchi yetu, amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inaadhibu kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini, lakini sheria hiyo haina meno pale ambapo mwenye mashine hajui alimpa nani idhini ya nini. Kwa hiyo kila anayelipia kazi hii aondoke na karatasi moja: akaunti ni ya nani, ni mashine zipi zilizoruhusiwa, na mtu huondolewaje. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya mwenye mashine, si ya fundi. Katika familia, watu wawili wajue neno la siri, ili ugonjwa au kifo cha mmoja visifunge daftari la wote; na mfanyakazi akiacha kazi, ruhusa yake iondolewe siku hiyohiyo.

Yote haya hayangoji mradi wa wafadhili. Vyuo vyetu, Université Catholique du Graben iliyopo Butembo tangu 1989 na Université Chrétienne Bilingue du Congo ya Beni, vina wanafunzi wanaoweza kuweka mpango huu kwa wafanyabiashara kumi kama zoezi la darasani, na kupimwa kwa kazi hiyo badala ya kupimwa kwa nadharia peke yake. Sekretariati zinazoishi kwa kuchapa na kufotokopi zinaweza kuuza huduma hii kwa bei inayoeleweka, pamoja na ile karatasi ya makabidhiano. FEC, inayowasemea wenye biashara, inaweza kuzibana kampuni za simu ziwauzie wanaotaka anwani yao wenyewe kwa bei ya duka la Butembo, si ya benki ya Kinshasa. Na ofisi za serikali zilizohamia Beni zina sababu kuliko wote: ofisi iliyolazimika kuhama mara moja haina udhuru wa kuweka tena kumbukumbu za raia katika mashine moja, chumba kimoja, mji mmoja. Barabara hatuna uwezo wa kuituliza wiki hii. Kuamua ni nini kisipite tena juu yake, uwezo huo tunao, na gharama yake ni ndogo kuliko laptopu moja iliyopotea.